Mjomba, Kanda ya Ziwa Inaishia Wapi?

Mwangaluka wapwa zangu wote, wa bara na wa visiwani. Toleo lililopita nilitaja kwa kupita tu kwamba Kanda ya Ziwa ni mikoa sita, yaani Mwanza, Geita, Kagera, Mara, Simiyu na Shinyanga, halafu nikaendelea zangu na habari ya bei ya dagaa. Kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimekuja mpaka simu ya ofisi imejaa, wengine wanauliza, wengine wananitukana kistaarabu, basi safari hii ukurasa wote tunauachia mipaka. Siongelei mipaka ya wapima ardhi wenye vigingi, hiyo ipo kwenye makaratasi na anayeitaka aende halmashauri. Naongelea ile ambayo mtu yupo kwenye basi anamgusa jirani yake anamwambia "hapa sasa tumeingia kwao".

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi mzaliwa wa Shinyanga, nafanya kazi Dar. Kuna mwenzangu hapa kazini mtu wa Bukoba kaniambia mbele za watu nisijiite mtu wa Kanda ya Ziwa kwa sababu kwetu hakuna ziwa. Watu wakacheka, nikakosa jibu. Nisaidie maana Jumatatu nakutana naye tena. – Mtu wa Kishapu, Ubungo

Marahaba mpwa. Huyo mwenzako ana hoja usimdharau. Shinyanga kweli haigusi ziwa popote. Unatoka Mwanza na barabara kubwa, Usagara, Misungwi, Mabuki, Hungumalwa, ukishaiacha Hungumalwa unaingia Kishapu ndiyo Shinyanga hiyo, na ziwa ulishaliacha nyuma zamani. Tena hata watu wa takwimu waliwahi kuwa upande wake, kwenye ule utafiti wa taifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2010 Shinyanga iliwekwa Kanda ya Magharibi pamoja na Tabora na Kigoma, Kanda ya Ziwa wakaiachia Mwanza, Mara na Kagera basi. Utafiti uliofuata, wa 2015-16, Shinyanga ikahamishiwa Ziwa. Hakuna mtu aliyefunga mizigo, hakuna ng'ombe aliyeswagwa, ni jedwali tu limebadilika kwenye ripoti.

Sasa Jumatatu mjibu hivi. Jina hili la Ziwa halijaanza juzi. Wakoloni wa Kiingereza walikuwa na Jimbo la Ziwa, makao makuu Mwanza, na Shinyanga ilikuwa ndani yake, na Maswa ndani, na huko kwao Bukoba ndani vilevile. Mikoa hii tunayoijua ilikuja kukatwa baadaye, mingi yake baada ya uhuru. Kwa hiyo babu yake na babu yako walikuwa jimbo moja, wote barua zao za serikali zilitoka Mwanza. Halafu muulize pamba ya Shinyanga na Maswa ililimwa na watu gani kama siyo haohao wa Kwimba na Magu, lugha moja, ngoma moja, na miaka ya 1940 watemi wa Mwanza, Kwimba, Maswa na Shinyanga walikuwa na shirikisho lao moja wanakaa Malya pale Kwimba. Hakuna aliyewauliza mna ziwa au hamna.

Ila nikuonye kitu kimoja, usije ukatumia hoja ya maji. Najua itakujia mdomoni, kwamba Shinyanga na Kahama tunakunywa maji ya Ziwa Victoria, na ni kweli, yanavutwa kutoka Ihelele pale Misungwi na mradi ulizinduliwa 2009. Akiwa mjanja atakwambia bomba hilohilo limekuja kuongezwa mpaka Nzega, Igunga na Tabora mjini, sasa na Tabora nayo ni Kanda ya Ziwa? Hapo utakuwa umejifunga goli mwenyewe.

Mimi kipimo changu ni kingine na ninakitumia miaka mingi. Naangalia jambo likimshinda mtu hapo alipo, anaelekea wapi. Mgonjwa wake akiandikiwa rufaa, spea ya mashine ya kukoboa ikikosekana, mtoto akitafutiwa chuo, mtu wa Shinyanga mjini anaiwaza Mwanza kwanza, ni kama kilomita 160 tu, asubuhi anatoka jioni anarudi. Hiyo ndiyo kanda, bila hata kumuuliza mtu wa takwimu. Najua kuna wa kusema mbona hospitali ya Bugando pale Mwanza kwa miaka mingi imepokea rufaa za mikoa minane, pamoja na Tabora na Kigoma. Sawa, hospitali moja inaweza ikavuta watu wa mbali, lakini mtu wa Kigoma haji Mwanza kununua spea.

SWALI: Mjomba za kazi. Sisi wa Kahama mnatuweka wapi? Shinyanga wanasema sisi siyo Wasukuma ni Wanyamwezi, tukienda Tabora wanatuita Wasukuma, na mjini kwetu sasa hivi kuna kila kabila mpaka Warundi. Mpaka wa Usukumani na Unyamwezini upo wapi hasa? – Mama Mpunga, Kahama

Hili ndilo swali nililofurahi nalo kuliko yote mama, maana linawasumbua na wasomi.

Kwanza jibu fupi la serikali, Kahama ipo mkoa wa Shinyanga, mwisho. Lakini wewe hukuniuliza hilo. Ukitaka kuona jinsi Kahama ilivyo katikati angalia kanisa Katoliki walivyopanga mambo yao, jimbo la Shinyanga lipo chini ya Jimbo Kuu la Mwanza, jimbo la Kahama lipo chini ya Jimbo Kuu la Tabora. Mkoa mmoja wa serikali, Maaskofu wakuu wawili. Ule mchoro wao umebaki ukionyesha kitu ambacho ramani ya mkoa inakificha, kwamba kusini ya pale watu waliangalia Unyanyembe, yaani Tabora, siku zote, hawakuiangalia Mwanza.

Sasa kabila. Kisukuma na Kinyamwezi wanasikilizana, mtu wa Magu na mtu wa Nzega wakikaa kwenye kigoda jioni inaisha hawajahitaji Kiswahili. Na haya majina unayoyagombania yalikuwa ni pande tu za dunia. Sukuma ni kaskazini, dakama ni kusini. Kwa mzee wa Nzega, mtu wa Kahama ya juu kule ni wa kaskazini kwake, kwa hiyo anamwita Msukuma na hajakosea. Kwa mzee wa Kwimba, huyohuyo wa Kahama ni wa kusini, ni Mdakama, na yeye hajakosea. Kila mmoja amesimama kwake anaonyesha kidole. Wakoloni walipokuja na madaftari wakataka kila mtu awe na kabila moja lenye mpaka, na majina ya pande yakageuka makabila, ndiyo maana leo wewe unavutwa mkono huku na huku kwenye mji wako mwenyewe. Usisahau na Wasumbwa, wao walikuwa hapo na upande wa Bukombe na wala hawatajwi kwenye ugomvi huu, nadhani wanatuangalia tu.

Ukinibana sana nikutajie sehemu moja, nitakwambia Tinde. Pale barabara inagawanyika, moja inakwenda Nzega nyingine inakuja kwako Kahama. Madereva wa malori wakifika Tinde hawaongei tena habari za Mwanza, wanaongea Nzega, Singida, au Isaka na Rwanda. Huo siyo mpaka wa kabila najua, ni mpaka wa mawazo ya safari, lakini kwa umri wangu nimeona huo ndiyo unadumu. Na Kahama yenyewe tangu ipate dhahabu ya Bulyanhulu na Buzwagi na biashara ya mpunga imekuwa mji unaojitegemea, sioni kwa nini mkubali kuwa mkia wa mtu. Mnaweza mkawa Kahama tu.

SWALI: Mjomba mimi naishi Nansio. Naomba uniambie ukweli, sisi Ukerewe ni Mwanza kweli au tumewekwa tu? Nikisafiri kwa gari kwenda Mwanza nashangaa. – Binti wa Kisiwani

Unashangaa kwa haki mwanangu. Wasomaji wasiojua niwaeleze, mtu wa Nansio akitaka kwenda Mwanza kwa barabara anakwenda Rugezi, anapanda feri anashukia Kisorya, ambapo ni Bunda, mkoa wa Mara. Kutoka Bunda anashuka mpaka Lamadi, mkoa wa Simiyu. Ndipo anaingia Magu, anarudi tena mkoa wa Mwanza. Yaani anatoka mkoani kwake, anapita mikoa miwili ya watu, ili afike makao makuu ya mkoa wake. Kwa meli ni kama masaa matatu unakata maji moja kwa moja, na hilo ndilo jibu la swali lako. Waliowaweka Mwanza walikuwa wanafikiri kwa mtumbwi na meli, enzi ambazo maji ndiyo yalikuwa njia na nchi kavu ndiyo kikwazo. Sasa hivi watu wanafikiri kwa lami na kila kitu kimegeuka.

Na wapo waliolifuata hilo. Kanisa Katoliki tena (mtaniambia mjomba amekuwa katekista), walipoanzisha jimbo la Bunda mwaka 2010 Ukerewe wakaiweka huko Bunda.

Ukija kwenye lugha ndiyo utachanganyikiwa zaidi. Kikerewe ni ndugu wa Kizinza na Kihaya, kinaangalia magharibi ng'ambo ya maji. Wajita wamejaa kisiwani na wao kwao ni Majita upande wa Musoma, wanaangalia mashariki. Ofisi ya mkuu wa mkoa ipo kusini. Na Wakara na kisiwa chao cha Ukara wanawaona nyie wote watu wa bara. Mimi kwa maoni yangu Ukerewe ni Ukerewe, na Mwanza ni mahali mnapouzia samaki na muhogo na kuchukulia vitu vya dukani, na sioni ubaya wowote hapo.

SWALI: Oya mjomba, dalali kaniambia Kisesa ni Mwanza mjini, nimelipia kodi ya miezi sita, nafika kazini nimechelewa kila siku. Mjini inaishia wapi? – Nimeumia, Kisesa

Pole. Kisesa ni wilaya ya Magu. Mji wa watu wa Mwanza wenyewe upande huo unaishia Igoma, upande wa Shinyanga unaishia Buhongwa, baada ya hapo Usagara ni Misungwi. Ila dalali yeye ana mpaka wake na unatembea, nyumba ikikosa mpangaji mji unasogea mpaka iipate. Tangu Usagara na Kisesa ziunganishwe kwa lami ndiyo kabisa, sasa hivi wanakwambia zote ni mjini.

Na usije ukadhani Jiji ndiyo Mwanza nzima ya mjini. Mwanza ilitangazwa jiji mwaka 2000, halafu 2012 Ilemela ikawa manispaa yake yenyewe, kwa hiyo kwa makaratasi uwanja wa ndege na uwanja wa CCM Kirumba havipo Jijini. Mwambie hivyo mtu wa Kirumba uone. Hakuna mkazi anayevuka kutoka Nyamagana kwenda Ilemela akajua amevuka, labda mwenye duka anayelipia leseni. Mpaka ambao watu wanaujua ni wa stendi, kama unakwenda Musoma au Bariadi ni Nyamhongolo, kama unakwenda Shinyanga, Geita au Dar ni Nyegezi, na ukikosea stendi alfajiri basi limekuacha.

SWALI: Mjomba, daraja limeshafunguliwa, mbona mjini bado wanatuita watu wa ng'ambo? – Sengerema Oye

Daraja limefunguliwa Juni 2025, kilomita tatu za Kigongo mpaka Busisi, kabla ya hapo tulikuwa tunakaa foleni ya feri mpaka mtu anamaliza karanga na mahindi na habari zote za nyumbani. Dakika chache sasa umevuka. Lakini hilo jina la ng'ambo usilitarajie liishe haraka, halikutokana na foleni tu. Huko kwenu kulikuwa Uzinza, Sengerema, Buchosa, Kome na sehemu ya Geita, Wazinza na watemi wao, siyo Usukumani. Wasukuma walivuka ghuba kwa wingi miaka ya 1940 na 1950 wakifuata ardhi mpya, serikali ya wakati ule yenyewe ikawahimiza wahamie Geita kwa sababu Kwimba na Mwanza mashamba na malisho yalishachoka. Leo ukitembea Sengerema unasalimiwa kwa Kisukuma kila mahali na Mzinza anabaki ni mzee mmoja mmoja wa kuonyesha wageni makaburi ya watemi. Yaani mpaka wa kabila ulishavuka maji siku nyingi, kabla ya daraja. Wa mdomoni ndiyo umebaki pale kwenye feri ya Kamanga.

Hilo la Wazinza nalisema kwa uchungu kidogo. Tunapenda kusema ziwa lote hili la kusini ni la Wasukuma kwa sababu ni wengi, lakini wengi siyo sawa na wa kwanza.

SWALI: Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Kagera, kitambulisho kinasema Geita, baba anasema alizaliwa Ziwa Magharibi. Wote tumezaliwa nyumba moja Chato. Je kuna mwenye makosa? – Kijana wa Chato

Hakuna. Mkoa ulikuwa unaitwa Ziwa Magharibi, baada ya vita na Amin mwaka 1979 ukabadilishwa jina ukawa Kagera, na Machi 2012 ulipoanzishwa mkoa wa Geita, Chato ikatolewa Kagera ikapelekwa huko, Biharamulo mliyokuwa nayo pamoja ikabaki. Kila karatasi ilisema kweli siku iliyoandikwa. Mwaka huohuo Bukombe na Mbogwe wakatolewa Shinyanga na Geita yenyewe ikatolewa Mwanza, kwa hiyo mkoa wa Geita ni vipande vya mikoa mitatu vilivyoshonwa pamoja kama kitenge cha viraka, na mpaka leo ukikaa nao utawajua. Mtu wa Bukombe akisema "mjini" wakati mwingine ana maana ya Kahama. Wa Geita ana maana ya Mwanza. Nyie Chato wazee wenu walikuwa wanasema Biharamulo na Bukoba. Mwaka 2021 mlikuwa na mazungumzo ya kuanzishiwa mkoa wenu wenyewe, hayo yakirudi andaeni karatasi ya nne.

Kuhusu cheti usikiguse kwa ajili ya jina la mkoa. Ukiulizwa mahali waeleze historia, na kama afisa anakomaa mwombe akuandikie anachotaka, usianze kuhangaika na mawakala wa mitaani wanaokwambia watakubadilishia.

SWALI: Mjomba, mimi ndiye yule wa Bukoba (nimeona meseji ya mtu wa Kishapu kwenye grupu letu). Nasimamia nilichosema. Na nikuongezee, hata sisi Wahaya hatujisikii Kanda ya Ziwa, mkisema Kanda ya Ziwa mnamaanisha Wasukuma. – Omuhaya, Dar

Karibu sana, umejileta mwenyewe. Hapo mwishoni umesema kitu cha kweli. Mtu wa Bukoba ziwa analiona dirishani lakini ukimwita wa Kanda ya Ziwa anakuangalia. Kwake kuna ndizi na kahawa, kwetu pamba na michembe ya viazi, kwake Novemba watu wanakesha na mataa wanakamata senene, kwetu ukimpa mtu senene anauliza hii ni dawa ya nini. Wenyewe mmezoea kuangalia Kampala, na safari za meli mkiunganishiwa mnakumbuka kwamba Mwanza ipo. Tangu MV Victoria irudi kazini 2020 naona mmeanza kutusalimia tena.

Lakini na nyie mna lenu. Mkisema Bukoba mnamaanisha mkoa mzima, mtu wa Ngara anasikia anakasirika kimyakimya, yeye Mhangaza lugha yake inakaribiana na Kirundi, hana senene wala hana habari na nyie. Wa Biharamulo vilevile. Mkitaka tuwatofautishe na Wasukuma na nyie watofautisheni na Ngara.

Na wewe unayetania wengine kwa sababu ya maji, nikukumbushe kwenu mpaka uliwahi kuwa wa maji na ikawa balaa. Waingereza na Wajerumani mwaka 1890 walichora mstari wa nyuzi moja kusini mwa ikweta, ukakata ziwa na ukapita nchi kavu kaskazini ya Mto Kagera, ile Missenyi ya ng'ambo ya mto ikabaki upande wetu. Amin akaja mwaka 1978 akasema mpaka wa asili ni mto, akavamia mpaka Kyaka na kutangaza eneo ni lake. Watu wa pale hawakuhitaji mto wala mstari kujua wao ni wa wapi, walikimbilia kusini. Kwa hiyo tuwe na adabu kidogo tunaposema maji ndiyo yanaamua nani wa wapi.

SWALI: Mara inaanzia wapi mjomba? Kondakta mmoja anasema Lamadi mwingine anasema Bunda. – Abiria

Lamadi bado Simiyu, wilaya ya Busega, karibu na geti la Ndabaka la kuingilia Serengeti. Ukishaipita hapo ukaelekea Bunda ndiyo Mara. Kabla ya 2012 Busega ilikuwa Magu, mkoa wa Mwanza, ndiyo maana makondakta wazee wanakosea. Na kituko kingine njia hiyohiyo, Daraja la Simiyu halipo mkoa wa Simiyu, lipo Magu, mkoa wa Mwanza. Mkoa umechukua jina la mto, mto umewaacha ukaenda kumwaga maji yake Mwanza.

Kwa masikio mpaka ni mwepesi zaidi. Mpaka Lamadi unasalimiwa "mwangaluka", ukipita Bunda sauti za kwenye basi zinabadilika, Kijita, Kizanaki, Kiikizu, ukifika Tarime ni Kikurya, na Rorya unasikia "amosi" unajua sasa umefika kwa Wajaluo. Watu wa mbali wanasema Mara ni Wakurya. Mwambie Mjita hivyo halafu urudi unieleze alikujibu nini.

SWALI: Shikamoo. Sisi wavuvi huku majini hatuoni mikoa wala nchi. Kuna alama gani? – Mvuvi, Kome

Marahaba baba. Alama hakuna na wewe unajua kuliko mimi. Kwa mikoa, cha kukuhusu siyo mstari bali mwalo unaotua, ukitua mwalo wa watu nenda kwa BMU yao, kile kikundi kinachosimamia mwalo, ujitambulishe kabla hujapakua, maana ugomvi mwingi ninaousikia haukuanza na samaki, ulianza na mtu kutua kimya. Kwa nchi ndiyo mwangalifu, huo mstari wa 1890 bado ndio unaotugawa na Uganda, na sisi tuna karibu nusu ya ziwa lote, Kenya wana kipande kidogo sana kama asilimia sita, na ndiyo maana Migingo, kamwamba kadogo kale, wamekigombania na Uganda miaka na miaka. Kwenye simu weka programu ya ramani inayofanya kazi bila intaneti, na betri ya akiba kwenye mfuko wa nailoni. Ukiona nyuzi za kusini zinapungua kuelekea moja, geuza mtumbwi.